Mwanga Uko Njiani

Sisi watu wa pwani tumelelewa na majedwali. Mtoto wa Tanga, kabla hajajua kusoma, amekwisha kuwasikia wazee wakihesabu siku za mwezi ili wajue lini ni bamvua na lini ni maji mafu. Mvuvi akiutazama mwezi jinsi ulivyo, hujua kesho maji yatakupwa saa ngapi na kama ngalawa itaweza kupita juu ya mwamba. Mkulima naye alikuwa na jedwali lake huko juu, yaani Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota ambacho wahenga walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hayo yote ni majedwali, ingawa hayakuandikwa kwa wino. Na kila jedwali, liwe la kichwani au la kitabuni, hutoa ahadi kwamba jambo fulani litatokea wakati fulani. Nawe uliyeahidiwa una haki ya kwenda kutazama kama ahadi imetimizwa.

Haki hiyo watu wengi hawaitumii. Nimeishi na ualimu tangu ujana wangu hadi nilipostaafu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, na katika muda wote huo jambo lililonitia wasiwasi kuliko hata uhaba wa madawati lilikuwa hili, kwamba mwanafunzi akishapata jibu kutoka kwa mwenye cheo, haoni tena haja ya kutoka nje. Zamani mwenye cheo alikuwa mwalimu na kitabu chake. Siku hizi ni kompyuta, na cheo chake ni kikubwa zaidi, kwa sababu haichoki, haikohoi, wala haionekani kusitasita.

Mwaka 1923, katika mji wa Munich nchini Ujerumani, watu walionyeshwa kwa mara ya kwanza mtambo wa kampuni ya Carl Zeiss uliomulika nyota na sayari kwenye dari la kuba, watazamaji wakiwa wamekaa gizani kana kwamba wako uwanjani usiku. Ulikuwa mtambo mkubwa wa gharama kubwa. Leo kazi ile inafanywa na programu ambayo mtu huipata bila malipo na kuiweka katika kompyuta ndogo ya mezani. Unaiambia uko wapi, tarehe gani na saa ngapi, nayo inakuchorea anga lako. Nyingi kati ya programu hizo huhesabu mahali pa sayari kwa kanuni iitwayo VSOP87, waliyoitunga Pierre Bretagnon na Gérard Francou mjini Paris. Hesabu yenyewe ni ndefu mno, maelfu ya vipande vinavyojumlishwa, kiasi kwamba mtu akitaka kuifanya kwa kalamu atazeeka kabla ya kufika mwisho. Kompyuta huimaliza kabla hujapepesa jicho.

Programu ya namna hiyo iliwekwa katika kompyuta yangu na mjukuu wangu, alipokuja likizo mwezi wa Desemba 2024. Darubini nilikuwa nayo tayari. Ni ndogo, lenzi yake ina kipenyo cha milimita 70, nami nilizawadiwa na wanafunzi wangu wa zamani siku niliyoagwa chuoni. Habari za darubini hiyo zilimfikia mwalimu mmoja wa shule ya msingi iliyo jirani na kwangu, kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kufundisha. Akaja kunisalimu, na baada ya shikamoo na marahaba akaniomba niwaonyeshe watoto wake wa darasa la sita sayari moja au mbili. Nilipomwambia juu ya programu, uso wake ulichangamka. Akasema, "Basi, Mwalimu, hata darubini si lazima. Tutaazima mashine ya kumulika, tuitupe picha ukutani, wataona vizuri zaidi kuliko kuchungulia mmoja mmoja."

Hakusema kwa ubaya. Ana watoto zaidi ya mia katika madarasa yake na muda ni mchache. Lakini nilijiuliza mtoto atakayeonyeshwa anga ukutani atakuwa amejifunza nini. Atadhani anga ni aina ya sinema. Tena upande wa pili palikuwa na wazazi, ambao wangetakiwa kuwaruhusu watoto wao kutembea usiku. Wazazi wale nawafahamu. Ukiwaambia kwamba saa mbili na dakika kadhaa kitu fulani kitatokea mbinguni, watakuja. Kisipotokea, watarudi nyumbani wakijua kwamba mambo ya shule ni ya kukisia, na watamwambia hivyo mtoto. Ahadi kwa watoto wa watu ni deni zito. Kwa hiyo nilimjibu yule kijana kwamba wataona vyote viwili, ukuta na anga, lakini anipe wiki kadhaa kwanza niijaribu programu nijue kama inasema kweli.

Sayari niliyoichagua kwa jaribio ni Mshtarii. Tarehe 7 Desemba 2024 ilikuwa mkabala na Jua, na majira hayo ya kaskazi anga la Tanga huwa safi. Kila jioni niliiona juu upande wa kaskazini, iking'aa kuliko nyota zote, karibu na Kilimia na ile nyota nyekundu iitwayo Aldebaran. Mshtarii ina jambo moja linaloifaa kazi ya ukaguzi, nalo ni miezi yake minne mikubwa, ambayo Galileo alianza kuiona tarehe 7 Januari 1610. Wa kwanza kutoka kwenye sayari ni Io, unaoizunguka kwa muda wa saa 42 na nusu hivi. Halafu Europa kwa siku tatu na nusu, Ganymede kwa siku saba na kidogo, na Callisto kwa siku karibu kumi na saba. Miezi hiyo ni mishale ya saa. Ukiitazama jioni na ukaitazama tena kabla ya kulala, utaona imesogea.

Jaribio la kwanza lilikuwa la mpangilio, miezi mingapi iko upande upi, nao upi uko mbali zaidi. Hapa mtu anaweza kugombana na programu bure, maana darubini nyingi hupindua picha, juu ikawa chini au kulia ikawa kushoto. Dawa yake ni rahisi wala haihitaji kitabu. Weka sayari katikati ya duara unaloliona, kisha usiiguse darubini. Sayari itatembea yenyewe hadi itoweke ukingoni, kwa sababu Dunia inazunguka. Upande inakotowekea ndio magharibi. Ukishajua magharibi yako, linganisha. Nililinganisha kwa jioni kumi na mbili, na kila jioni miezi ilikuwa pale programu iliposema.

Jaribio la pili lilikuwa la saa. Mshtarii, kama kitu chochote kilichomulikwa na Jua, inatupa kivuli nyuma yake. Baada ya sayari kupita mkabala na Jua, mwezi Io huingia nyuma ya sayari tusiuone, halafu hutokea si ukingoni mwa sayari bali pembeni kidogo upande wa mashariki, penye giza tupu, kwa sababu ulikuwa bado umo ndani ya kivuli. Huanza kama chembe isiyo na hakika, ukaongezeka, na baada ya dakika tatu au nne ukawa kamili. Anayeuona mara ya kwanza hudhani kuna mtu amewasha taa.

Mwishoni mwa Desemba programu iliniambia kwamba Io utatoka kivulini saa 3 na dakika 6 usiku. Niliketi uani na darubini, saa, daftari na kikombe cha tangawizi. Saa 3 na dakika 6 ikapita, na dakika 10, na robo. Pembeni mwa sayari palikuwa peusi. Mjukuu wangu aliyekuwa ameshika kompyuta alikuwa akiniambia, "Babu, mbona huku umeshatoka, unaonekana kabisa." Nikamwambia aniachie mimi nitazame huku kwangu. Mwezi ulitokea saa 3 na dakika 41.

Dakika thelathini na tano si kitu cha kupuuza. Basi ya kwenda Dar es Salaam ikichelewa kiasi hicho, abiria wameshaanza kumtafuta kondakta. Mjukuu wangu alikuwa tayari kusema kwamba darubini ni mbovu. Jirani aliyekuja kuazima nyundo alisema kompyuta ni mbovu. Mimi niliwaambia tusimhukumu mtu kabla ya kusikiliza mashahidi.

Shahidi wa kwanza alikuwa saa yangu. Nilikuwa nimeirekebisha kwa simu jioni ile ile, na simu hupata saa yake kwenye mtandao. Wa pili, majira. Saa za Afrika Mashariki zimetangulia za Greenwich kwa saa tatu kamili, na kama programu ingekuwa imewekewa majira ya nchi nyingine, tofauti ingekuwa ya saa nzima au nusu saa, si dakika thelathini na tano. Wa tatu, mahali. Je, labda programu ilidhani niko mji mwingine? Hilo nalo halikufaa kuwa sababu. Kutoka kwa Io si kama kuchomoza kwa jua, ambako Tanga huitangulia Tabora. Io ukitoka kivulini, hutoka kwa wote wanaoutazama kwa wakati mmoja, aliyeko Tanga na aliyeko London. Ndiyo maana Galileo aliona kwamba miezi hiyo ingeweza kuwafaa mabaharia kama saa ya dunia nzima. Shahidi wa nne alikuwa jicho langu. Ni jicho la mzee lililokwisha kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na linaweza kuchelewa kuiona chembe ya mwanga kwa dakika moja au hata mbili. Haliwezi kuchelewa thelathini na tano.

Walipokwisha mashahidi hao bila mkosaji kupatikana, nilifanya kile ambacho nilikuwa nikiwaagiza wanachuo wangu wafanye, yaani kurudia. Baada ya wiki tatu hivi nilipata jioni nyingine nzuri. Tofauti ilikuwa dakika 36. Mwanzoni mwa Februari 2025 ilikuwa dakika 38.

Hapo ndipo nilipoanza kuona njia. Kosa la saa au la mpangilio lingebaki vile vile. Saa iliyochelewa dakika kumi leo, kesho itachelewa dakika kumi zile zile. Lakini tofauti hii ilikuwa inakua, na kilichokuwa kinakua pamoja nayo ni umbali, kwa kuwa tangu Desemba Dunia ilikuwa ikiipita Mshtarii na kuiacha nyuma.

Msomaji aliyesoma fizikia atakuwa ameshanitangulia. Mwaka 1676, mjini Paris, Mdenishi mmoja aitwaye Ole Rømer alikuwa akishughulika na mwezi huu huu Io. Cassini alikuwa ametayarisha majedwali ya kupatwa kwa miezi ya Mshtarii, nayo yalikuwa mazuri, lakini kadiri Dunia ilivyokwenda mbali na sayari ile, ndivyo matukio yalivyochelewa kuliko jedwali. Rømer alitabiri kwamba tukio la Novemba mwaka huo lingechelewa dakika kama kumi, na likachelewa. Sababu aliyoitoa ni kwamba mwanga hausafiri kwa ghafla. Unahitaji muda, na ukipewa njia ndefu unachelewa zaidi. Alikisia kwamba kuvuka kipenyo cha njia ya Dunia kunauchukua mwanga dakika 22. Leo tunajua ni dakika 16 na nusu na kidogo. Hesabu yake ilikuwa na upungufu, lakini hoja yake ilisimama.

Nilichukua karatasi. Programu yenyewe ilinipa umbali. Mwishoni mwa Desemba Mshtarii ilikuwa kiasi cha kilomita milioni 625 kutoka kwetu. Gawanya kwa kilomita laki tatu kwa sekunde: sekunde 2,083, yaani dakika 34 na sekunde 43. Mwanzoni mwa Februari, kilomita milioni 684. Gawanya: sekunde 2,280, yaani dakika 38 kamili. Niliweka kalamu chini. Kwa miaka mingi niliwaimbisha watoto na wanachuo kwamba mwanga husafiri kilomita laki tatu kwa sekunde moja, nao waliimba vizuri, na namba hiyo ilikuwa ya kweli kama namba yoyote iliyoandikwa ubaoni. Lakini usiku ule namba ile ilikuja uani kwangu kwa miguu yake.

Tuliporudi kwenye programu tukalipata lenyewe. Katika toleo lile la zamani mlikuwa na kisanduku kidogo kwenye ukurasa wa mipangilio, ambacho kikitiwa alama programu huhesabu na safari ya mwanga. Kilikuwa kitupu. Mjukuu wangu alikibofya, na tangu hapo programu na darubini havikupishana zaidi ya dakika moja au mbili, kiasi ambacho jicho haliwezi kudai zaidi. Yeye aliona jambo limekwisha. Kwangu ndipo lilipoanza, kwa sababu programu haikuwa imekosea hata kabla ya kisanduku kutiwa alama. Ilikuwa imejibu swali moja: mwezi umetoka lini kule uliko? Na jicho langu lilikuwa limejibu swali jingine: habari za kutoka kwake zimefika lini hapa nilipo? Majibu yalitofautiana kwa sababu maswali yalitofautiana.

Jambo hili lilinirudisha kwenye mwaka 1972. Nilikuwa mwanachuo, bara, mbali sana na nyumbani, baba yangu alipofariki mwezi wa Aprili. Masika yalikuwa yamekata barabara. Barua aliyoniandikia dada yangu ilichukua siku kumi na tisa kunifikia. Katika siku hizo kumi na tisa mimi niliendelea kuwa na baba. Siku moja katikati yake nilikwenda posta nikamtumia hawala ya shilingi ishirini anunue blanketi, na barua iliyoanza kama zilivyoanza barua zetu zote, kwamba dhumuni ni kukujulia hali, na ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima wa afya. Barua hiyo na ile ya dada lazima zilipishana mahali fulani njiani, pengine kwenye stesheni moja. Nilipofika nyumbani kwa arobaini, wenzangu walikuwa wamekwisha kulia wakanyamaza. Kwangu ilikuwa siku ya ishirini na moja, na nililia peke yangu kama mtu aliyechelewa mazishi.

Kwa miaka mingi dada na mimi tulikuwa na ubishi mdogo juu ya hili. Yeye husema, "Mdogo wangu, baba alikufa siku aliyokufa. Wewe ulichelewa kupata habari tu." Nami sina la kumpinga, kwa maana hivyo ndivyo ilivyo. Lakini kila nilipojaribu kuikumbuka siku ya msiba, mwili wangu ulikwenda kwenye siku ya barua, kwenye kile kivuli cha mwembe nilipoifungulia. Katika daftari langu zimo tarehe mbili. Baada ya usiku ule wa Februari nilimpigia dada simu nikamsimulia habari za mwezi Io. Alisikiliza kwa subira ya wakubwa, kisha akasema, "Kumbe hata huko juu barua huchelewa." Tangu siku hiyo hatujabishana tena.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba programu hizi hazikosei kamwe. Lipo lile Doa Jekundu la Mshtarii, dhoruba kubwa kuliko Dunia yetu nzima. Darubini yangu ni ndogo mno kwa kulikagua, lakini sababu ya kulitilia shaka inaeleweka hata bila kulitazama. Doa lile si mlima, ni upepo, na haliganda mahali pamoja bali huhama taratibu mwaka hadi mwaka. Programu inayolichora kwa picha iliyopigwa zamani, bila mtu kuirekebisha, italiweka mahali ambapo halipo tena. Io hufuata kanuni, nawe unaweza kuudai dakika. Dhoruba hufuata tabia, nayo huidai programu marekebisho. Ndiyo sababu watoto niliwaahidi Io, wala sikuwaahidi doa.

Walikuja wiki iliyofuata, watoto thelathini na wanane na mwalimu wao, pamoja na wazazi wapatao kumi na watano. Picha tuliitupa kwenye ukuta wa ghala. Kwa makusudi nilimwagiza mjukuu wangu akiondoe alama kwenye kile kisanduku. Saa 2 na dakika 4 usiku mwezi Io ukatokea ukutani, na watoto wakashangilia. Nikawauliza kama wana hakika umetoka. Wakasema ndiyo. Nikamwita mtoto mmoja achungulie darubini. Akatazama kwa muda, akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwaibisha mwenyeji, "Shikamoo, Mwalimu, mimi naona mitatu tu."

Nikawaeleza. Mshtarii usiku huu iko karibu kilomita milioni 700 kutoka hapa. Mwezi umekwisha kutoka kivulini, jua limeupiga, na mwanga wake umeanza safari ya kuja Tanga. Tuusubiri. Tulifanya ile hesabu ya kugawanya kwa pamoja, kwa mkaa juu ya ukuta, tukapata dakika 39. Kisha tukakaa.

Nimehudhuria mikutano mingi ya kungoja wageni rasmi, lakini sijapata kuona watu wakingoja vile. Kila baada ya dakika chache mtoto alitangaza, "Sasa umefika nusu ya njia." Msichana mmoja akauliza, "Babu, hivi sasa hivi ule mwezi uko gizani au uko kwenye mwanga?" Nikamjibu kwamba kule uko kwenye mwanga, huku bado. Akalifikiri hilo, halafu akauliza kama na nyota nyingine zote ni hivyo. Nikasema ni hivyo, na zaidi, na hata Jua tunalolilalamikia mchana ni la dakika nane zilizopita. Mzazi mmoja, mvuvi mwenye umri kama wangu, aliyekuwa kimya muda wote, akasema polepole, "Basi tunachokiona ni habari ya kitu, si kitu chenyewe." Nikamwambia, "Ndivyo, mzee mwenzangu." Akasema, "Habari nzuri hata ikichelewa ni nzuri."

Ilipofika saa 2 na dakika 41 tuliwapanga watoto mstari, kila mmoja atazame kwa sekunde kumi na kupita, nami nikawa naisogeza darubini kuifuata sayari. Wa kwanza walisema mitatu. Wa kumi na tatu au wa kumi na nne alisita, akasema mitatu, labda na kitu. Waliomfuata walibishana. Kufikia wa ishirini na tano hapakuwa na ubishi tena, walisema minne, na wale waliotangulia wakadai kurudi mwisho wa mstari ili nao waone, kwa kuwa hawakutaka kusimuliwa. Nilipowasikia wakidai hivyo niliona kwamba kazi yangu ya usiku ule imekwisha.

Siku mbili baadaye mwalimu wao alinijia na daftari. Aliwaambia waandike walichojifunza, na watoto wengi walikuwa wameandika mistari miwili: mwezi ulitoka saa 2 na dakika 4, tuliuona saa 2 na dakika 43. Aliniuliza, kwa unyofu wa kijana anayetaka kutenda haki, atie alama ya vema kwenye mstari upi. Nikamwambia aitie yote miwili, mradi mtoto ameliweka neno "ulitoka" na neno "tuliuona" kila moja mahali pake.